Gari ya zamani yenye kilometa chache: kurua ihesabiwe kwa miaka, si kwa kontere

Katika parkingi za magari ya okazio, iwe Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, kuna neno moja ambalo muuzaji hapendi kulisahau: "Gari hii haijatembea." Kontere inaonyesha kilometa 68,000. Viti ni safi, rangi inang'aa, motere inawaka mara moja. Mnunuzi anafurahi, anahesabu dolari zake na kuondoka akiamini kwamba amepata gari mpya ndani ya ngozi ya gari ya zamani. Lakini karatasi za gari zinasema ilitengenezwa mwaka wa 1998. Hapo ndipo swali lingepaswa kuulizwa, na mara nyingi haliulizwi: kurua ya distribisio iliyo ndani ya motere hiyo ni ya mwaka gani?

Kama haijawahi kubadilishwa, kurua hiyo ina zaidi ya miaka 25. Ni mpira. Hakuna mtu anayeweza kupanda Ngomo na tairi za mwaka wa 1998, hata kama mashimo ya tairi hizo bado yanaonekana mazuri. Lakini kila siku kuna watu wanaopanda mlima huo na kurua ya umri huo, kwa sababu moja tu: tairi inaonekana, kurua imefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki.

Mjadala huu si wa mafundi peke yao. Katika eneo hili la mashariki ya Kongo, gari ya okazio si starehe. Ni duka la mtu, ni masomo ya watoto, ni deni la likelemba ambalo bado halijalipwa. Motere ikivunjika, familia nzima inavunjika nayo. Ndiyo maana namna ya kuamua wakati wa kubadilisha kurua inastahili kuzungumzwa waziwazi, na desturi ya kungojea kontere ifike kilometa 100,000 inastahili kuachwa.

Kazi ya mkaba usioonekana

Motere ina mihimili miwili inayopaswa kwenda pamoja bila kukosana. Mhimili wa chini unazungushwa na pistoni. Mhimili wa juu unafungua na kufunga supapi, yaani milango midogo inayoingiza hewa na kutoa moshi. Kurua ya distribisio ni mkaba wenye meno unaofunga mihimili hiyo miwili pamoja. Kila mara mhimili wa chini unapozunguka mara mbili, ule wa juu unazunguka mara moja. Jino moja likiruka, motere inapoteza nguvu. Mkaba ukikatika, motere inazimika palepale.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Motere ikienda kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, mhimili wa juu unazunguka mara 1,500 kwa dakika, ni kusema mara 25 kwa kila sekunde. Kila mzunguko, springi za supapi zinavuta upande mmoja, mkaba unavuta upande mwingine. Ndani ya mpira huo kuna nyuzi ngumu, mara nyingi za kioo, ambazo ndizo zinazobeba mzigo. Mpira unashikilia nyuzi na kutengeneza meno.

Mpira huo haungojei kilometa ili uzeeke. Joto la motere linaukausha. Gari ikilala miezi, mkaba unabaki umekunjwa mahali palepale kwenye magurudumu yake. Mafuta yakivuja kutoka kwenye mpira wa kuzuia mafuta ulio mbele ya motere, yanaulainisha na kuula mkaba polepole. Hewa yenyewe inaupasua. Kwa hiyo gari iliyotembea kidogo na kulala sana haijahifadhi kurua yake. Imeizeesha kwa njia nyingine.

Watengenezaji wa magari wanalijua jambo hilo. Ndiyo maana wengi wao hawatoi nambari moja bali mbili: kilometa fulani ao miaka fulani, kile kinachofika kwanza. Kwa upande wa kilometa, magari mengi ya Kijapani yanataja 100,000, na mengine yanapungua ao kuzidi hapo. Kwa upande wa muda, desturi iliyokubaliwa na mafundi wengi ni kati ya miaka 5 na 10. Kosa kubwa katika parkingi na garaji ni kushika nambari ya kwanza na kuisahau ya pili. Maneno "kile kinachofika kwanza" ndiyo yenye uzito wote.

Kontere haisemi kila kitu

Kuna sababu nyingine ya kutoiamini kontere peke yake. Ya kwanza, kila mtu anaijua lakini watu wanaisema kwa sauti ya chini: kontere inarudishwa nyuma. Gari inayobadilisha mikono mara tatu ao nne kati ya bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa na mji wa Kongo inaweza kupunguza kilometa njiani badala ya kuongeza. Magari yanayotoka Japani yanakuwa na hati ya kutoka nchini humo, na katika hati hiyo kilometa zimeandikwa. Mnunuzi akiomba hati hiyo na kuilinganisha na kontere, mara nyingine anapata jibu kabla hata ya kufungua kapo. Muuzaji anayesema hati ilipotea, naye ametoa jibu lake.

Sababu ya pili haina udanganyifu ndani yake. Kontere inahesabu magurudumu, haihesabu motere. Katika msongamano wa magari, motere inazunguka na kontere inalala. Motere ikiwaka bila kutembea kwa mizunguko 800 kwa dakika, saa moja inafanya mizunguko 48,000. Gari hiyohiyo ikienda kilometa 60 kwa saa na motere kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, saa moja inafanya mizunguko 120,000, sawa na mizunguko 2,000 kwa kila kilometa. Basi kila saa ya kusimama na motere ikiwaka ni kama kilometa 24 ambazo kurua imezifanya bila kontere kuziandika. Kwa gari inayopeleka watu kazini asubuhi na kurudi jioni katika mji wenye barabara moja kuu na milima pande zote, saa hizo zinajikusanya haraka.

Barabara nazo zinasema neno lao. Gari inayoshinda kwenye gia ya kwanza na ya pili, kwa sababu ya mashimo ao ya mlima, inazungusha motere mara nyingi zaidi kwa kila kilometa kuliko ile inayotembea kwenye lami ya Japani. Kilometa 10,000 za Goma, katika vumbi jeusi na juu ya mawe ya volkano, si kilometa 10,000 za kitabu cha mtengenezaji. Na pale ambapo kifuniko cha kurua kimevunjika ao kimetupwa na fundi aliyekuwa na haraka, vumbi hilo linaingia moja kwa moja kati ya meno ya mkaba.

Sababu ya tatu inahusu wale wenye Land Cruiser, Prado, Hilux na Hiace za mazutu. Nyingi kati ya gari hizo zina taa ndogo kwenye tablo iliyoandikwa T-BELT. Mashofere wengi wanaitegemea: isipowaka, kurua ni nzima. Lakini taa hiyo haioni mkaba. Haijui kama umepasuka, kama umelowa mafuta, kama una miaka 20. Inafuata kilometa tu. Kontere ikirudishwa nyuma, taa nayo imedanganywa. Na fundi anaweza kuizima bila kugusa kurua hata kidogo. Kwa gari ya zamani yenye kilometa chache, taa hiyo inaweza kukaa kimya mpaka siku ambayo mkaba unakatika.

Si kila motere ina kurua, na si kila motere inakufa

Kabla ya kutoa hata franka moja, mwenye gari anapaswa kujua ana motere gani. Hapa kuna mambo mawili ya kutenganisha.

La kwanza: kurua ao mnyororo? Toyota RAV4 za kwanza, zile za miaka ya 1994 mpaka 2000 zenye motere 3S-FE, zina kurua. RAV4 zilizofuata, zenye motere 1AZ-FE ao 1ZZ-FE, zina mnyororo wa chuma. Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye motere 4A-FE, 5A-FE ao 7A-FE zina kurua. Corolla zilizokuja na motere 1NZ-FE zina mnyororo. Ipsum ya kwanza na Noah nyingi za zamani zenye 3S-FE zina kurua. Kwa upande wa mazutu, 1HZ ya Land Cruiser zile zinazojulikana katika kila kona ya Kivu na Ituri ina kurua, vilevile 1KZ na 1KD za Prado na Hilux, na 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux za zamani. Jina la motere limeandikwa kwenye kibamba kilicho chini ya kapo. Dakika moja inatosha kulisoma.

Mwenye mnyororo asifikiri amesamehewa kila kitu. Mnyororo unaishi kwa mafuta ya motere. Asiyefanya vidanji kwa wakati anauharibu mnyororo wake mwenyewe. Lakini hana sababu ya kulipa fundi anayemwambia "kurua yako imechoka" wakati gari yake haina kurua hiyo. Na jambo hilo linaweza kumpata yeyote asiyejua jina la motere yake.

La pili: kurua ikikatika, kunatokea nini? Katika motere fulani, pistoni na supapi zinapita mahali pamoja kwa zamu. Mkaba ukikatika, zamu inapotea, pistoni inagonga supapi, supapi zinapinda, kulasi inafunguliwa, na wakati mwingine pistoni inatoboka. Motere nyingi za mazutu ziko katika kundi hilo, kwa sababu ndani yake nafasi ni ndogo sana. Katika motere nyingine, nafasi imeachwa: mkaba unakatika, gari inasimama, lakini ndani hakuna kilichogongana. 4A-FE na 3S-FE zinajulikana kati ya mafundi kuwa katika kundi hili la pili.

Tofauti hiyo inabadilisha uamuzi. Mwenye Prado ya 1KZ asiyejua historia ya kurua yake anacheza na motere nzima. Mwenye Corolla ya 4A-FE anacheza na safari yake. Mtu wa kwanza hana haki ya kungoja hata mwezi. Wa pili anaweza kupanga, kutafuta piyesi nzuri, kungojea mshahara. Lakini naye asikawie sana, kwa sababu gari inaweza kusimama mahali pabaya.

Mahali pabaya ni wapi

Barabara ya kitaifa nambari 5, kati ya Bukavu na Uvira, inapita Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni shimo. Motere ikizimika kwenye mteremko kama huo, msaada wa freni unabaki kwa kukanyaga mara moja ao mbili tu, kiisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Volani nayo inaweza kuwa nzito ghafla. Shofere mwenye nguvu na uzoefu atasimamisha gari. Aliyeshtuka, mwenye abiria wanaopiga kelele na lori nyuma yake, huenda asiweze.

Hata gari ikisimama salama, saa za kungojea si salama. Katika eneo hili, kulala njiani kuna maana ambayo kitabu cha mtengenezaji hakikuiwaza. Mtu anayekwama usiku kwenye barabara ya Kanyabayonga ao katika uwanda wa Ruzizi haogopi gharama ya depanaji kwanza. Anaogopa kitu kingine. Ndiyo maana shauri linalofaa kwa mtu wa Nairobi ao wa Brussels, yaani "ngojea, ikikatika utaita gari la kuvuta", halifai hapa.

Kisa kinachofanana na maisha ya wengi kinaweza kuchukuliwa kuwa mfano. Mwalimu ananunua gari ya mwaka wa 1997 yenye kilometa 74,000 ili ifanye taksi baada ya masomo. Fundi anamwambia abadilishe kurua. Anaona kontere, anacheka: bado kilometa 26,000. Anaanza kulipa deni kwanza. Miezi minane baadaye mkaba unakatika na supapi zinapinda. Sasa kulasi inafunguliwa, supapi zinanunuliwa, gasketi mpya, mafuta mapya, maji mapya, na kurua ileile aliyoikataa bado anainunua. Gari inakaa garaji wiki tatu bila kuingiza hata franka. Deni linaendelea kula. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu huyu amejenga ukuta, na ufa bado ameuziba.

Hoja ya wanaokataa

Wanaopinga ubadilishaji wa mapema si wajinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema: kurua iliyotoka kiwandani Japani, hata ikiwa ya zamani, ni bora kuliko ile inayouzwa leo sokoni. Wanasema tena: motere ambayo haijaguswa ni nzima, motere iliyofunguliwa na fundi mbaya haitakuwa nzima tena.

Hoja hiyo ina ukweli mchungu ndani yake. Piyesi za kuiga zimejaa, na boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa kitu kilicho ndani. Kuna kurua zinazotundikwa kwenye msumari mbele ya duka, zikipigwa na jua la mwaka mzima. Kuna zinazokunjwa kama kamba na kufungwa na mpira, wakati mkaba wa aina hiyo haupaswi kukunjwa vikali kwa sababu nyuzi zake za ndani zinavunjika bila kuonekana kwa nje. Kuna mafundi wanaoweka kurua mpya juu ya galeti ya kukaza ya zamani inayolia kama panya. Galeti ikijam, kurua mpya inakatika kwa siku chache, na mwenye gari anaapa kwamba hatabadilisha tena maisha yake yote.

Lakini hoja hiyo inafika mahali pasipo pake. Inathibitisha kwamba ni lazima kubadilisha vizuri. Haithibitishi kwamba ni lazima kuacha. Mkaba wa miaka 25 hauwi mpya kwa sababu ule wa sokoni ni mbaya. Mtu mwenye njaa ambaye chakula cha sokoni kimeoza hatatuliwi na kukaa na njaa. Anatafuta soko lingine. Vilevile hapa: kazi inaweza kungojea wiki mbili ili piyesi nzuri itoke kwa muuzaji anayejulikana, lakini haiwezi kungojea miaka miwili.

Wengine wanasema: "Fundi ameitazama, bado nzuri." Kutazama kuna faida. Katika motere nyingi, kifuniko cha juu kinatoka kwa bulo chache tu, na mkaba unaonekana. Ukiwa na mipasuko, jino lililokosekana, kingo zilizochanika, ao alama ya mafuta, jibu limepatikana: gari isitoke garaji. Lakini kinyume chake si kweli. Mkaba unaweza kuonekana mzuri kwa juu na nyuzi zake zimekwisha kwa ndani. Jicho linaweza kuuhukumu mkaba kufa. Haliwezi kuuahidi maisha. Fundi anayetazama na kusema "bado miaka mitatu" anabahatisha kwa pesa za mwingine.

Namna ya kuamua

Kwa hiyo uamuzi unaweza kuwekwa katika hatua chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata, hata asiyejua kushika funguo.

Kwanza, jina la motere. Kama ni mnyororo, mjadala wa kurua umekwisha. Vidanji ifanywe kwa wakati.

Pili, ushahidi. Magari mengi ya Japani yanabeba kikaratasi kilichobandikwa ndani ya chumba cha motere, chenye tarehe na kilometa za siku ambayo kurua ilibadilishwa. Kimeandikwa Kijapani, lakini simu za leo zinaweza kutafsiri picha. Tarehe inaweza kuwa ya kalenda yao: ikiwa ni ya enzi ya Heisei, mtu anaongeza 1988 juu ya nambari ya mwaka, ikiwa ni ya Reiwa, anaongeza 2018. Basi Heisei 19 ni mwaka wa 2007. Kikaratasi hicho ni ushahidi. Faktura ya garaji yenye tarehe ni ushahidi. Neno la muuzaji, hata akiapa kwa jina la mama yake, si ushahidi.

Tatu, kama hakuna ushahidi, kurua ihesabiwe kuwa ya siku ambayo gari ilitengenezwa. Hii ndiyo kanuni inayowauma wengi, lakini ni ya haki. Asiyejua umri wa kitu anapaswa kuchukua umri mbaya zaidi. Gari ya mwaka wa 1998 isiyo na karatasi ina kurua ya mwaka wa 1998 mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Nne, miaka ikipita 10, kurua ibadilishwe, hata kontere ikiwa kwenye kilometa 40,000. Kati ya 5 na 10, kazi ya gari ndiyo inaamua: ile ya taksi, ile inayobeba mzigo mlimani, ile inayovuja mafuta mbele ya motere, ibadilishwe mapema. Ile inayotoka Jumapili tu kwenda kanisani na kurudi inaweza kungoja kidogo, ikitazamwa kila vidanji.

Tano, motere ikiwa ya mazutu ao ya aina inayogongana, hakuna kungoja. Gharama ya kurua iingizwe katika bei ya kununua gari tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye dolari 5,000 asinunue gari ya dolari 5,000. Anunue ya bei ya chini kidogo, na kinachobaki kiende kwenye kurua, mafuta na freni kabla ya safari ya kwanza.

Sita, kazi ifanywe yote kwa pamoja. Kurua, galeti, na mipira ya kuzuia mafuta iliyo mbele ya motere. Pale ambapo pompi ya maji inazungushwa na kurua hiyohiyo, kama kwenye 3S-FE, pompi nayo itazamwe kwa ukali, na ikiwa ya zamani ibadilishwe. Saa za kazi ni zilezile. Kufunga kila kitu na kufungua tena baada ya miezi sita kwa sababu pompi inavuja ni kulipa kazi moja mara mbili, na maji yanayovuja yameshaharibu kurua mpya.

Saba, mwenye gari awepo, ao amtume mtu anayemwamini. Fundi mzuri anaweka alama za mihimili sawasawa, kiisha anazungusha motere kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuiwasha, ili ahakikishe alama zimerudi mahali pake na hakuna kinachogonga. Anayefunga na kupiga kontakti moja kwa moja anacheza bahati nasibu. Na kurua ya zamani irudishwe mikononi mwa mwenye gari. Si kwa kutomwamini fundi. Ni kwa sababu kitu kilicholipiwa kina haki ya kuonekana.

Nani abebe mzigo

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kumwambia mwenye gari kwamba kila kitu ni juu yake. Si haki. Mnunuzi wa gari ya okazio anakuja na pesa na matumaini. Maarifa yako upande wa muuzaji na wa fundi. Hao ndio wanaopaswa kubadilika kwanza.

Muuzaji anaweza kuandika katika karatasi ya kuuzisha mstari mmoja tu: kurua imebadilishwa tarehe fulani, ao haijulikani. Mstari huo hauhitaji sheria mpya kutoka Kinshasa. Unahitaji mnunuzi anayekataa kutia sahihi bila kuuona. Wanunuzi kumi wakikataa, parkingi nzima itajifunza kuandika.

Fundi naye ana deni lake. Kazi ikimalizika, tarehe na kilometa ziandikwe kwa rangi isiyofutika juu ya kifuniko cha kurua. Inachukua dakika mbili na haigharimu kitu. Gari itakapouzwa tena, mwingine atasoma. Garaji inayofanya hivyo inatangaza jina lake ndani ya kila kapo inayofunguliwa mjini. Inayokataa inapaswa kuulizwa inaficha nini.

Mashirika ya mashofere wa taksi na ya wenye Hiace, ambayo tayari yanakusanya michango kwa ajili ya magonjwa na misiba, yanaweza kufanya likelemba ya kurua: kila mwezi gari mbili ao tatu zinahudumiwa, piyesi zinanunuliwa pamoja kwa muuzaji mmoja anayeaminika. Mtu mmoja mwenye dolari chache anauziwa chochote. Watu 30 wanaonunua pamoja wanaweza kudai boksi lifunguliwe, tarehe isomwe, na piyesi mbaya irudishwe.

Haya yote ni madogo. Hayatengenezi barabara, hayashushi bei ya mazutu, hayarudishi usalama njiani. Lakini kati ya mambo yanayoweza kuiangusha gari katika eneo hili, kurua ya zamani ni mojawapo ya machache ambayo mwenye gari anaweza kuyaondoa kwa siku moja ya kazi. Mvua hamuombi ruhusa, wala vizuizi vya njiani, wala mashimo. Kurua inamngojea yeye tu.

Kontere itaendelea kusema kilometa 68,000, na muuzaji ataendelea kusema gari haijatembea. Huenda wote wawili wanasema kweli. Lakini miaka imetembea, na mpira umetembea nayo.